Pembe Butu

Pale ninapouza chai, Kwamndolwa, vijana wa bodaboda wana hisabati yao wenyewe. Mtu mzito wa kuelewa wanamwambia ajiongeze. Msichana akipita, mmoja anawanong'oneza wenzake kwamba huyo tayari yuko kwenye kumi na nane zake, yaani hamponyoki. Wakikubaliana wanapeana tano, wakibishana mpaka mate yawakauke wanasema ngoma droo. Na yeyote aliyefikwa na jambo, aliyekimbiwa na mke au aliyekosa mahindi msimu mzima, huyo anaisoma namba. "Mwache aisome namba," wanasema, wanacheka, wanaagiza chapati nyingine.

Mimi sicheki, na wamezoea. Wanasema mama huyu wa chai hana hata chembe ya utani. Mmoja wao alishawahi kuniuliza kama kweli mimi ni Mzigua, maana Mzigua asiyependa utani yeye hajapata kumwona. Nilimwambia anywe chai yake kabla haijapoa. Si kwamba siyaelewi maneno yao. Nayaelewa vizuri mno, kwa sababu nilikulia mahali ambapo maneno ya namna hiyo yalikuwa na mwenyewe. Aliyatunga akiwa ameshika chaki, na nusu ya kijiji ilitembea na majina aliyoyatoa kwenye kitabu cha hisabati.

Mahali penyewe ni kijiji kimoja cha Handeni, ndani kidogo, ambako baba yangu alilima mahindi na ufuta kama majirani zetu wote. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa Msambaa aliyeshuka kutoka milimani, mrefu, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mwalimu hodari. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nina chuki ya kipofu. Alijua kufundisha na alijua kuchekesha, ila hakujua wapi kimoja kiishie na kingine kianze.

Kila kitu kilichokuwamo kwenye kitabu alikipatia mtu wake. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa na tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, alimwita sehemu guni, kwa kuwa juu kumezidi chini. Wazee wawili waliogombana zamani na bado wakaenda msikitini kwa njia moja bila kusemezana walikuwa mistari sambamba. "Hawakutani hawa," alisema, "hata waende mpaka Dar." Mlevi aliyezunguka kijiji kutwa bila kuingia nyumba ya mtu alikuwa mzingo. Mtoto aliyepata sifuri alikuwa ametaga, na mwalimu aliinua daftari lake juu akauliza darasa kama tulile la kukaanga au la kuchemsha.

Maneno hayo hayakubaki darasani. Yalitoka na sisi saa ya mapumziko, yakafika kisimani, yakafika shambani, yakafika kwenye ngoma za harusi. Mama zetu ambao hawakuwahi kushika kalamu walikuwa wakisema, "Yule na mumewe siku hizi ni mistari sambamba," wakijua barabara walichokisema. Watu walimpenda mwalimu kwa hilo. Alipohudhuria sherehe walimkalisha mbele, na kabla hajafungua kinywa walikuwa wameshaanza kucheka.

Kulikuwa na mwalimu wa kike aliyetufundisha Kiswahili, ameolewa siku nyingi, hajajaliwa mtoto. Siku tulipofikia namba tasa, mwalimu wetu aliziandika ubaoni, akapangusa mikono, akasogea dirishani, akachungulia darasa la jirani ambako yule mama alikuwa akifundisha. Kisha akatugeukia akiwa ameinua nyusi. Hakusema neno, na hakuwa na haja ya kusema. Darasa zima liliangua kicheko. Jioni ile ile jina lilishafika kisimani, na baada ya likizo yule mama hakurudi tena. Tuliambiwa ameomba uhamisho.

Sasa mtu atauliza, hakukuwa na mtu mzima wa kumkanya? Ndipo inabidi nieleze habari ya utani, kwa asiyeijua. Sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Babu zetu walipigana vita, wakachoka, wakaona afadhali watukanane kuliko kuuana, na mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kofia yako kichwani, unamwachia. Akija kwenye msiba wako akasema marehemu alikuwa mchoyo, unamshukuru kwa kuja. Ukikasirika, kosa ni lako, na watu watakuona huna malezi. Ni desturi nzuri, nimeiona ikiwapatanisha watu waliokuwa tayari kushikiana mapanga. Lakini mwalimu alikuwa Msambaa mmoja katikati ya Wazigua watupu, kwa hiyo aliruhusiwa kumsema kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kununa.

Zamu yangu ilifika nikiwa darasa la tano.

Nyumbani kwetu mtoto hamjibu mkubwa papo kwa papo. Mama alinifundisha kwamba ukiulizwa na mtu mzima unanyamaza kwanza, unalipokea swali, ndipo unajibu. Anayejibu upesi alisema ni mtoto asiyefunzwa. Wengi wetu tulilelewa hivyo, ila wenzangu waliiacha tabia hiyo mlangoni mwa darasa. Mimi niliingia nayo, na nilidhani naonyesha adabu.

Mwalimu alichora pembe ubaoni kwa kile kipimo kikubwa cha mbao, akaandika nyuzi za upande mmoja, akaniuliza upande wa pili zimebaki ngapi. Nilisimama, nikanyamaza kama nilivyofunzwa. Alisubiri kidogo. Kisha akawageukia wenzangu.

"Jamani watani zangu," alisema, "tumejifunza kuna pembe kali. Tumejifunza kuna pembe mraba. Na hii hapa?" Akaninyooshea rula. "Hii ni pembe gani?"

"Butuuu!" darasa likaitikia.

Nilisema, "Sitini." Lilikuwa ndilo jibu. Hakuna aliyelisikia isipokuwa msichana niliyekaa naye dawati moja, naye alikuwa ameinamia daftari anacheka.

Tangu siku ile sikuwa na jina jingine. Pembe Butu njoo ubaoni. Pembe Butu kachote maji ya kufutia ubao. Watoto wa darasa la kwanza, ambao hawakujua pembe kali ni ipi na butu ni ipi, waliniimbia njiani. Kisimani wanawake waliniuliza kwa upole kabisa, "Pembe Butu, mama yako hajambo?" Hawakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba sikupata mtu mbaya wa kumchukia. Kila mtu alikuwa amefurahi.

Lazima niseme nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho mtu ataona nalilia jina tu. Zahanati ya kijiji cha pili ilikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe. Mama alipojikata kidole kwa panga, yule muuguzi alimsafisha akamshona huku akimweleza taratibu kila anachofanya, hakumfokea, hakumcheka alipopiga kelele. Nilikuwa nimeshika taa ya kurunzi kummulika, na aliniambia mkono wangu hautetemeki, nitafaa kazi hii. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Nilijua kwamba kufika alipo ni lazima nivuke darasa la saba, na darasa la saba huvuki bila hisabati. Na kwenye hisabati, kila niliposimama, watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, na majibu niliyokuja nayo kutoka nyumbani yakanikimbia. Nikaanza kutaga kweli. Mwalimu akasema ameona mapema, pembe butu hainoleki.

Nilimweleza baba. Haikuwa rahisi, kwa kuwa kwetu mtoto hamsemi mwalimu. Nilimngoja siku aliyorudi shambani ametulia, nikamwambia kwamba mwalimu ananiita jina, kwamba darasa linanicheka, kwamba nashindwa kufikiri, na kwamba nataka kwenda sekondari. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alivaa kofia yake nzuri, ile ya Ijumaa, akaongozana nami shuleni. Njia nzima niliona fahari. Nilitembea nyuma yake nikikanyaga pale alipokanyaga.

Alinitaka ningoje nje ya ofisi. Nilisimama kando ya dirisha, nikasikia yote.

"Habari za hapa, mwalimu."

"Alaa! Mzigua leo kaja shule! Umekuja kuandikishwa darasa la kwanza?"

"Nimekuja kwa ajili ya binti yangu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Ahaa, umekuja kuchukua mayai yake! Kaa hapo mtani, nikutafutie tenga. Mfukoni hayatakutosha!"

Walimu wengine walicheka. Nilichungulia. Nilimwona baba kwa nyuma tu, na nikaona mabega yanamtikisika. Nikasema moyoni, amekasirika, sasa atamwambia. Alipogeuza uso kidogo nikaona kwamba anacheka.

"Wewe Msambaa wewe!" alisema. "Watu wa kuogopa kuoga kwa baridi, leo ndio mnatufundisha sisi!"

Wakapeana mikono, wakapigana mabegani. Mwalimu alimsindikiza mpaka nje, wakaachana kama ndugu. Tulipofika njiani nilimuuliza baba kama amemwambia.

"Nimwambie nini? Yule ni mtani."

"Lakini baba, ulisema umekuja kwa ajili yangu..."

"Mwanangu, mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umemvunjia heshima yeye, umewavunjia babu zake na babu zako. Wewe soma tu. Yale ni maneno."

Jioni ile majirani walikuja kukaa na baba, na nikiwa jikoni nilimsikia akiwasimulia habari ya tenga la mayai. Aliisimulia vizuri, akaigiza na sauti ya mwalimu. Nilisikia wakicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nimemsamehe baba mambo mengi, Mungu amrehemu. Hilo bado.

Siku ya mtihani wa darasa la saba tulisimamiwa na mwalimu wa shule nyingine, mtu mpole asiyenijua kwa jina lolote. Karatasi ya hisabati ilipofika nilisoma swali la kwanza nikaona ninalijua. Kisha nikasikia kicheko. Watu walikuwa kimya wanaandika, hakuna aliyecheka, lakini mimi nilikisikia. Nikafuta nilichoandika, nikaandika kile kile, nikafuta tena. Muda ulikwisha nikiwa bado nahakikisha maswali ya mwanzo, na karatasi imetoboka kwa ufutio.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka langu halikuwamo. Yule msichana wa dawati moja alichaguliwa. Mwalimu alinikuta nimekaa nyuma ya darasa nalia, akanigusa bega. "Usilie Pembe Butu," alisema, "dunia ni pana." Alikusudia kunifariji. Mzaha mzaha hutunga usaha, watu husema, lakini hawasemi kwamba anayeutunga hutembea zake akiwa mzima, jipu likaja kupasuka kwa mwingine.

Niliolewa Korogwe, na mtu mwema asiye na maneno mengi, labda ndiyo sababu nilimkubali. Tukakaa Kwamndolwa, tukalima, tukazaa, nikafungua kibanda changu cha chai. Sina maisha ya kulia. Lakini kila ninapokwenda hospitali kumpeleka mtoto au mgonjwa, nikimwona muuguzi anapita na sinia lake la dawa, nageuza uso. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini hospitali hunitia hasira wakati wengine huwatia hofu. Nilimwambia ni harufu.

Miaka ikapita. Mwalimu akastaafu, akahamia Mkumbara alikojenga, chini ya milima ya kwao. Sikulijua hilo mpaka nilipokutana naye sokoni Korogwe. Nilikuwa nimeinama nachagua vitunguu, nikasikia mtu anaita kwa sauti ya kupasua soko, "Pembe Butu!" Alikuja amenyoosha mikono yote miwili, amekuwa mzee, amevaa miwani minene, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Huyu mwanafunzi wangu!" aliwaambia wauza vitunguu. "Pembe Butu huyu! Nimemfundisha mimi!"

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba, marahaba mama. Hujambo? Mume hajambo? Watoto je?"

Alinipeleka kwenye duka la pembeni akaninunulia soda, akaniuliza habari za kijijini, nani yupo, nani ametangulia. Alicheka alipokumbuka sehemu guni. Nilipata ujasiri kidogo, nikamuuliza, "Mwalimu, jina langu unalikumbuka?"

"Nitalisahau vipi? Si nimekuita sasa hivi, kutoka kule?"

"Jina langu lenyewe, mwalimu. Nililozaliwa nalo."

Alifikiri. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akacheka. "Mtani, unanipa mtihani uzeeni!" alisema. Nikamalizia soda nikaaga. Njiani nikajiapiza kwamba nikionana naye tena nitamwambia yote, ana kwa ana, pasipo soda.

Nilichokuwa nakitaka hakikuwa kikubwa. Shule haiwezi kunirudia, hilo nalijua. Nilitaka mtu mmoja kati ya waliokuwepo aseme kwamba lile halikuwa jambo la kucheka. Baba alikufa bila kulisema. Akabaki mwalimu peke yake, na mimi nikawa naahirisha safari ya Mkumbara, leo mvua, kesho mtoto anaumwa, mpaka mama mmoja jirani yangu, Mzigua mwenzangu, alipokuja kibandani asubuhi amejifunga kanga kiunoni.

"Mwalimu wako wa zamani amefariki," alisema. "Kesho wanazika Mkumbara. Watani tunatakiwa, na sisi wa huku ndio wa karibu. Na wewe ulisoma kwake, wewe ndiye utakayemwigiza."

Kwa asiyejua, msibani mtani ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anamtukana mbele ya jeneza lake, na wafiwa wanapata nafasi ya kupumua. Hakuna wa kumzuia wala kumkatiza. Mchungaji mwenyewe hukaa akasubiri. Jirani yangu alidhani nitakataa, kwa jinsi anavyonijua. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilijua kwamba Mkumbara nitapewa uwanja wa kusema lolote mbele ya watoto wake, mke wake, walimu wenzake na watu wa kwao wote. Usiku ule sikupanga vichekesho. Nilipanga maneno yangu.

Tulifika watu wamejaa chini ya maturubai, kwaya inaimba, jeneza limetolewa limewekwa mezani. Mwongoza shughuli alipouliza kwenye kipaza sauti kama watani wamefika, jirani yangu alipiga kelele, "Tupo! Tumekuja kuhakikisha kweli amekufa!" Watu wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Binti mkubwa wa marehemu akaniletea koti la baba yake na miwani yake. Nilivaa. Koti lilinifika magotini.

Nikamwigiza. Sikujua kwamba nilikuwa nimemhifadhi mzima mzima ndani yangu. Nilitembea kama yeye, nikakohoa kama yeye, nikapangusa chaki isiyokuwepo mikononi. Nikamwona mzee mmoja mwenye tumbo nikamwita sehemu guni mbele ya wajukuu zake. Nikawauliza wachimba kaburi kama pembe zake ni mraba, maana marehemu hatalala kwenye kaburi lililopinda. Nikauliza nani katika ukoo huu ametaga mwaka huu. Watu walishika mbavu. Walimu wastaafu waliokaa mstari wa mbele walikuwa wanafuta macho, na mmoja alisema kwa sauti, "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

Kisha nikavua miwani.

"Hapo nilikuwa namwigiza," nilisema. "Sasa nasema mimi. Mimi ndiye Pembe Butu. Yeye ndiye aliyeniita hivyo, mbele ya darasa, kwa sababu nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Na jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sitini."

Wakacheka. Nikadhani hawajasikia vizuri, nikapandisha sauti.

"Nilitaka kuwa muuguzi. Nilitaka sana. Huyu mliyemlaza hapa alinitoa shuleni kwa mdomo wake. Baba yangu alikwenda kunitetea, akachekeshwa, akarudi nyumbani akinicheka. Hakuna aliyewahi kuniomba radhi. Hakuna aliyewahi hata kuuliza."

Kicheko kilizidi. Mtu nyuma alipiga mluzi. Nikageukia jeneza, nikaligonga kwa kiganja, na machozi yakaanza kunitoka bila hiari yangu.

"Mwalimu, uliniharibia maisha! Sitanii!"

Turubai zima lililipuka. "Sitanii" ndilo neno ambalo kila mtani hulisema akiwa katikati ya utani wake mkali, na mimi nililisema kama mwanamke aliyefiwa, na machozi juu. Hawajapata kuona mtani wa namna ile. "Ona anavyolia!" walikuwa wakiambiana. "Analia kabisa! Kiboko huyu!" Kadiri nilivyosema "sitanii, jamani, sitanii," ndivyo walivyozidi kuanguka kwenye viti. Wanawake walikuja wakanifunga kanga shingoni kunitunza, wakapiga vigelegele, wakanikumbatia huku miili yao inatikisika kwa kicheko. Jirani yangu alinishika mkono akanitoa pale katikati kwa fahari. Niliuchomoa mkono wangu kwa hasira, na yeye alidhani nimechoka.

Nilikaa nyuma ya nyumba na wapishi mpaka maziko yakaisha. Sikwenda kaburini. Nilikuwa nawachukia wote, waliokufa na walio hai, na nilijichukia mimi kwa kudhani kwamba mdomo wa mtani unaweza kusema jambo likasadikiwa. Nilikuwa nalikunja lile koti nilirudishe niondoke zangu, ndipo msichana mmoja alipokuja kuniambia kwamba mama mfiwa ananiita.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, wanawake wamemzunguka, mguu wake mmoja ameunyoosha juu ya mto. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mdogo wa umbo, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikampa pole. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniketisha karibu yake.

"Asante mwanangu," alisema. "Mungu akubariki. Tangu afe, hata uji haujapita hapa kooni. Leo nimecheka, na sasa hivi nimekula. Waulize hawa."

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, amekula, wameona wenyewe. Mmoja akanionyesha bakuli.

"Umemleta mzima mzima. Nilimwona kabisa, nikasema huyu hapa kanirudia." Akaanza kucheka tena, kicheko chembamba kilichochanganyika na kilio, akajifuta kwa pindo la kitenge. "Na lile la uuguzi je, mwanangu? Na machozi yale! Lile umelitoa wapi?"

Nilimtazama. Mkono wake ulikuwa bado umeushika wangu, wa moto, haujaulegeza. Wale wanawake wengine walikuwa wameinamisha vichwa karibu, wanatabasamu, wanasubiri kusikia.

"Nilitunga tu, mama," nikamwambia.